Vita vya Mezani na Vita vya Kweli

Iko sinema ya katuni iitwayo Ultramarines, iliyotolewa mwaka 2010. Asili yake ni Warhammer 40,000, mchezo wa mezani uliotoka Uingereza mwaka 1987. Wachezaji hupiganisha sanamu ndogo za askari, na iliyouawa hurudi sandukuni. Bao letu nalo ni vita, na kete iliyoliwa hupandwa tena.

Katika sinema hiyo, askari wachache huenda sayari ya mbali kuwatafuta wenzao, kisha hugundua kuwa adui amejificha ndani ya kiongozi wao wenyewe. Hilo ni funzo jema. Lakini haonekani humo mama akikimbia na mtoto mgongoni.

Sisi wa Kasulu na Kibondo tumemwona. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Nduta ikafunguliwa tena kwa Warundi. Waliouawa nyuma yao hawakupandwa tena.

Basi enyi wazazi, watoto wenu wakitazama sinema hiyo, ketini nao. Ikiisha, waulizeni: je, palipopiganwa vile, watoto wangekimbilia wapi?