Ngamia wa kiwele kilichovimbishwa

Mnunuzi wa ngamia haridhiki na maneno ya dalali. Humzunguka mnyama, humfunua midomo aone meno, humpapasa kiwele, huuliza chapa iliyo ubavuni ni ya nani. Kwa wafugaji wa Banissa, katika kaunti ya Mandera, ukaguzi huo ni elimu ya utotoni. Ajabu ni kwamba mwana wa mfugaji huyo huyo akitaka akaunti ya gemu ya PUBG Mobile au Free Fire iliyokwisha kupanda cheo, picha tatu za skrini humtosha.

Anayeuza amecheza miezi mingi, amekusanya almasi, mavazi adimu na silaha za kujionyeshea. Anayenunua hana subira ya kuanza chini. Tangazo humtajia cheo na bei. Halimwambii kwamba barua pepe iliyofungulia akaunti bado iko mikononi mwa muuzaji, wala kwamba akaunti imewahi kusimamishwa kwa udanganyifu. Siku chache baada ya M-Pesa kupita, muuzaji anadai amesahau nenosiri, kampuni inamrudishia akaunti, na mnunuzi anabaki nje ya mlango. Huduma ya M-Pesa ya 456 ya kurejeshewa pesa iliwekwa kwa aliyekosea nambari. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia hakukosea nambari.

Hila yenyewe ni kongwe. Mtume Muhammad alikataza ngamia na kondoo waachwe bila kukamwa kabla ya kuuzwa, kiwele kivimbe ili mnunuzi adhani amepata bahari ya maziwa. Aliyedanganywa akapewa hiari ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Mafakihi wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Kaskazini Mashariki, wameieleza hukumu hii kwa kirefu. Akaunti iliyopambwa kwa picha ni ngamia yule yule.

Sheria za nchi nazo zipo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza muuzaji kudai kwamba bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inafanya tangazo la uongo kuwa kosa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Lakini sheria hizi zilitungwa zikimfikiria mfanyabiashara mwenye duka na jina. Muuzaji wa akaunti mara nyingi ni jina la bandia na nambari ya simu.

Tena kuna kasoro kubwa kuliko zote. Masharti ya kampuni za gemu hizi hayaruhusu akaunti kuuzwa, kwa hiyo ngamia anayenadiwa si wa anayemnadi! eBay ililiona hilo mapema, ikaanza kuondoa mali za gemu sokoni mwake mwaka 2007.

Mfano mzuri wa mauzo ya wazi unatoka Iceland. Kampuni ya CCP, yenye gemu ya EVE Online, inaruhusu wachezaji kuuziana wahusika, ila kwa fedha ya ndani ya gemu tu. Muuzaji hutakiwa kutangaza akitumia mhusika yule yule anayemuuza, aseme yuko wapi, kama mkoba wake una deni, na kama kuna wachezaji wenye haki ya kumwinda. Kasoro hutajwa kabla ya bei.

Hakuna haja ya kungoja Bunge ili desturi hiyo ifike Banissa. Kabla ya kutuma hata shilingi, mnunuzi adai maandishi: nani alifungua akaunti, imeunganishwa na barua pepe na nambari zipi, imewahi kufungiwa au la, na kwamba kampuni inaweza kuifunga wakati wowote bila fidia. Muuzaji asiyekubali kuyaandika hayo, aachiwe akaunti yake.