Viwanja vya Dodoma: vikishapimwa, nani anahesabu nyumba?

Halmashauri ikitangaza kwamba imepima viwanja elfu kadhaa, habari hiyo huenda hewani siku hiyo hiyo. Ni nadra kusikia miaka mitatu baadaye vingapi vimejengwa, vingapi vina maji na vingapi bado ni vichaka vyenye mawe ya mipaka. Swali hili linaihusu miji yote ya Tanzania, lakini kwa Dodoma lina uzito wa pekee.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 354,000 kwa miaka 10. Tukichukulia kwamba kaya moja ina watu wanne, tunazungumzia kaya zaidi ya 88,000 zilizohitaji mahali pa kuishi. Swali ni kama mpango wa ardhi ya makazi ulikwenda kwa kasi hiyo, na kama kuna mtu anayeupima mpango wenyewe.

Tulikotoka

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mwaka huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kama CDA. Mpango kabambe wa kwanza ukatoka mwaka 1976. Kwa miaka zaidi ya 40 CDA ndiyo iliyopanga, kupima na kugawa viwanja, wakati manispaa nayo ikiwahudumia wananchi wale wale.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kwa vitendo. Mei 2017 aliivunja CDA, majukumu yake yakahamia manispaa, na umiliki wa miaka 33 uliokuwa ukitolewa na mamlaka hiyo ukaelekezwa ubadilishwe kuwa wa miaka 99. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Baadaye ukaja mpango kabambe mpya wa 2019 hadi 2039.

Miaka 20 ni mirefu. Mpango wa aina hiyo husimama juu ya makadirio: watu wangapi watakuja, watajenga wapi, maji yatatoka wapi. Makadirio yakikosea na pasiwepo anayeyarekebisha, mji hujijenga wenyewe. Dar es Salaam ni ushahidi. Mpango wake kabambe wa 1979 ulibaki kuwa rejea kwa zaidi ya miaka 30. Sensa ya 1978 ilikuta huko watu 843,090, na ya 2012 ikakuta watu 4,364,541. Kufikia wakati huo sehemu kubwa ya wakazi walikuwa wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupangwa.

Kiwanja si nyumba

Dar es Salaam ina somo la pili. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 katika maeneo kama Bunju, Kibada, Mwanagati na Buyuni. Kwa hesabu ya upimaji mradi ulifanikiwa, kwani viwanja vilivyopimwa vilizidi lengo. Lakini watafiti waliokwenda huko miaka kadhaa baadaye walikuta viwanja vingi havijaendelezwa, na barabara na maji vikiwa vimechelewa sana. Baadhi ya wanunuzi walikuwa wameweka akiba tu, wakisubiri bei ipande.

Mwenye hati hupewa masharti, na sharti la kawaida ni kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Sheria ipo. Lakini sharti hilo haliwezi kusimamiwa kama halmashauri haina orodha inayoonyesha kiwanja gani kimejengwa na kipi bado.

Kiwanja kilicholala kina gharama kwa wengine. Bomba la maji na nguzo za umeme zinavuka vichaka ili kuifikia nyumba moja. Mwalimu au fundi asiyeweza kumudu bei ya kiwanja kilichopimwa anakwenda kununua kipande cha shamba kwa mwenyeji, anajenga, kisha miaka 10 baadaye mtaa mzima unaingia kwenye urasimishaji. Hapo barabara inatafutwa katikati ya kuta za watu.

Wenzetu wanapimaje

Nchini England kila mamlaka ya mipango hutakiwa kuwa na ardhi ya kutosha kwa nyumba za miaka mitano, na hesabu hiyo hufanywa upya kila mwaka. Eneo haliingii kwenye hesabu kwa sababu tu limechorwa kwenye ramani. Lazima kuwe na matarajio ya kweli kwamba litajengwa katika kipindi hicho.

Tangu 2018 kuna kipimo kingine. Serikali hulinganisha nyumba zilizoongezeka katika miaka mitatu na zile zilizohitajika. Mamlaka ikiwa chini ya asilimia 95 hutakiwa kuandika mpango wa kujirekebisha. Ikiwa chini ya asilimia 75, waombaji wa vibali vya ujenzi hupata nguvu zaidi, hata kwa maeneo yaliyo nje ya mpango.

Utaratibu huo una lawama zake. Wakazi hulalamika kwamba kampuni za ujenzi huutumia kujenga mahali wasipopataka. Bei za nyumba pia bado ni kilio. Hatuna sababu ya kuunakili. Cha kujifunza ni kwamba kinachohesabiwa ni nyumba, na matokeo yanatangazwa.

Mambo manne ya kuhesabu

Kwa mazingira yetu, ripoti ya mwaka ingeweza kutosha kwenye ukurasa mmoja kwa kila kata.

Kwanza, fidia. Mashamba mangapi yamechukuliwa, na wenyeji wangapi wamelipwa? Sheria inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na uthamini wa fidia unaisha nguvu baada ya miaka miwili.

Pili, umiliki. Viwanja vingapi vina mgogoro wa kugawiwa watu wawili? Malalamiko ya aina hii yamesikika sana Dodoma, na kiwanja chenye kesi hakijengwi.

Tatu, huduma. Vingapi vinafikika kwa barabara, maji na umeme?

Nne, nyumba. Ngapi zimekamilika na zina watu ndani?

Kwa nini hayafanyiki

Sababu moja ni fedha. Mwaka wa fedha 2018/19 Jiji la Dodoma liliongoza halmashauri zote kwa mapato ya ndani, na mauzo ya viwanja yalichangia sehemu kubwa. Mapato ya kiwanja huingia siku kinapouzwa. Kufuatilia kama kimejengwa ni gharama, na hakuingizi kitu haraka. Kwa hiyo halmashauri yoyote huvutwa kupima eneo jipya kabla ya kumaliza la zamani.

Sababu nyingine ni mgawanyo wa kazi. Jiji hupima, lakini maji ni ya DUWASA, umeme ni wa TANESCO, na barabara za mitaa ni za TARURA. Kila taasisi ina bajeti yake. Si haki kuibebesha halmashauri lawama zote, lakini ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, na ndiyo inayoweza kuwaita wengine mezani ikiwa na takwimu mkononi.

Wakati huo huo serikali imeendelea kutoa fedha za upimaji. Mwaka 2021/22 zilitengwa shilingi bilioni 50 za kuzikopesha halmashauri bila riba kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha. Mkopo huo hurejeshwa kutokana na mauzo ya viwanja, na hilo linaongeza msukumo wa kuuza.

Nafasi ya mwananchi ipo. Baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira hupokea taarifa za ardhi. Diwani wako akisema viwanja vimepimwa, mwulize kwenye mkutano wa mtaa: vile vya miaka mitatu iliyopita, vingapi vina nyumba zenye watu? Kama hana jibu, mwombe aliulize kwenye kikao kijacho na alilete mtaani.