Twiga wa Mtalii na Bamba la Mchapaji

Jamani, hivi nani alisema chapa si sanaa? Eti kwa kuwa bamba moja linatoa karatasi ishirini! Mbona hapa Arusha mshikaji anachora twiga yuleyule mara mia kwa ajili ya mtalii, na huyo tunamwita msanii?

Waulizeni wanamuziki. Morogoro Jazz ilianzishwa 1944. Neno jazz lilitoka Marekani, lakini gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilisema Kiswahili. Jazz ni kuushika wimbo mmoja na kuupitisha njia mpya kila mara. Mchapaji naye hufanya hivyo: bamba lilelile, wino mwingine, mkono mwingine.

George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kama mlinzi. Akachonga, akachora, akachapa. Alifariki 2005. Wazungu wamenunua kazi zake kwa shangwe. Sisi vijana wa Sokon I tutaziona wapi kwa pamoja, toka ya kwanza hadi ya mwisho? Onyesho la namna hiyo ndiyo shule yetu: unaona mzee alipoteleza na alipopaa.

Mchapaji wa mtaani kwako bado yu hai? Basi kusanyeni karatasi zake sasa, tafuteni ukumbi, wekeni santuri, fungueni mlango. Msisubiri tanzia.