Oicha: Fakture ya mgonjwa iandikwe mstari kwa mstari

Hapa Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni, mkulima akipeleka gunia lake la kakao kwa mnunuzi, anasimama karibu na mizani mpaka aone kilo kwa macho yake. Hakuna anayemwita mkorofi. Lakini mkulima huyo huyo, bibi yake akipasuliwa ili azae, anaweza kupewa karatasi yenye neno moja, "matunzo", na jumla ya dola chini yake. Akiuliza, anaonekana anawadharau wauguzi.

Hiyo si haki kwa mgonjwa, na haisaidii hata hospitali.

Fakture nzuri inataja kila kitu peke yake: kuonana na daktari, vipimo vya labo, upasuaji, siku za kitanda, kila dawa na idadi yake, na bei pembeni. Kwa kuwa bei nyingi zinahesabiwa kwa dola na raia wanalipa kwa faranga, kiwango cha kubadili feza cha siku ile kiandikwe pia. Mahali kuna bei moja ya jumla, fakture iseme bei hiyo inafunika nini, ili mtu asiuziwe tena seromu aliyokwisha kulipia.

Tena fakture ilingane na fishi ya mgonjwa na rejista. Shirika la Afya Duniani limepatia kila ugonjwa alama yake. Katika orodha yake ya 10, malaria ya Plasmodium falciparum ni B50. Aliyeandika "homa" tu hawezi kuonyesha kwa nini alitoa dawa ya malaria. Mutuele za afya, ambazo zina sheria yao tangu tarehe 8 Februari 2017, na washirika wanaosaidia hospitali, wanataka kuona uhakikisho kabla ya kulipa. Kazi ya daktari isiyoandikwa inabaki bila malipo. Na kuandika kazi ambayo haikufanywa ni wizi.

Wengine watasema wauguzi ni wachache, wakimbizi wa vita ni wengi, na mshahara haufiki. Ni kweli. Lakini wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287 mashariki mwa Kongo, timu za afya ziliandika jina la kila aliyemgusa mgonjwa, siku na mtaa, katikati ya milio ya risasi. Kwa hiyo kuandika vizuri kunawezekana hapa kwetu.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Bei zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali kila mtu anapita. Feza zipokelewe kwenye kese moja tu, na kila anayelipa apewe risiti. Na kamati ya maendeleo ya eneo la afya, CODESA, isome fakture chache kila mwezi, majina yakiwa yamefichwa, na kuzilinganisha na rejista.

Muuguzi mwaminifu atalindwa na karatasi hiyo kuliko mtu yeyote, maana hakuna atakayemshuku tena. Na mama hatazuiliwa hospitalini na mtoto mchanga mikononi kwa sababu ya deni ambalo hakuna anayeweza kumweleza lilitoka wapi.