Ufundi wa Dereva Si Ruhusa ya Mbio



Kuna neno ambalo husikika kila mahali madereva wanapokutana, mizanini, bandarini na katika stendi za mabasi. Husemwa hivi: "Mbio haziui, kinachoua ni kutojua kuendesha." Wenye neno hili hudai ya kwamba mwanagenzi akienda mbio ni hatari, lakini fundi wa miaka ishirini aweza kwenda kilomita 100 kwa saa au zaidi, wala asimdhuru mtu. Chama chataka kulijibu neno hili waziwazi, kwa sababu linawaua wanachama wetu, na wengine linawapeleka gerezani.

Kwanza twasema ya kwamba ufundi ni kitu cha kweli. Kulipeleka trela lenye mzigo kutoka Mombasa hata Malaba, na kuliteremsha Sachangwan kwa gia nzito bila kuchoma breki, si kazi ya mtu yeyote. Fundi huona hatari mapema, na husikia gari lake likibadili sauti kabla halijaharibika. Hatumvunjii heshima hata kidogo. Twauliza swali moja tu: ufundi huo waweza kufanya nini, na hauwezi kufanya nini?

Tufanye hesabu. Gari dogo likienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Likienda 100 hupita mita 28. Mtoto akitokea barabarani, dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu kumwona hata mguu kufika kwenye breki. Kisha breki nazo zataka nafasi yake. Katika lami iliyo kavu, na breki zikiwa nzima, gari la kilomita 80 litasimama baada ya mita 57 hivi. Gari la kilomita 100 litasimama baada ya mita 83. Tofauti ni mita 26.

Sasa tumpe fundi sifa yake. Tuseme yeye ni mwepesi sana, hata apunguza robo ya sekunde. Kwa mwendo wa 100, robo hiyo ni mita 7. Basi ufundi umempa mita 7, na mbio zimemnyang'anya mita 26. Mahali pale ambapo mwenziwe wa kawaida wa kilomita 80 amekwisha simama, fundi wetu wa kilomita 100 angali anakwenda karibu kilomita 60 kwa saa. Na hesabu hii ni ya gari dogo katika barabara kavu. Lori lililojaa mzigo, tairi zilizolika au mvua ya Limuru huongeza mita nyingine juu ya hizo. Breki hazijui leseni ya dereva ni ya mwaka gani.

Labda mtu atasema ya kwamba hayo ni mambo ya karatasi, na barabara ni kitu kingine. Basi na tutazame waliopimwa barabarani. Mwaka 1974 huko Marekani, wataalamu wawili, Williams na O'Neill, walichapa uchunguzi juu ya madereva wenye leseni za mashindano ya magari katika majimbo ya Florida, New York na Texas. Walichukua habari zao za barabara za kila siku, wakazilinganisha na za madereva wa kawaida wa umri ule ule. Ilionekana ya kwamba mabingwa hao walikuwa na ajali nyingi zaidi, na makosa mengi zaidi, hasa ya mwendo. Ujuzi wao wa usukani haukuwakinga. Mtu anayejiamini mno huyatumia maarifa yake yote kwa kuongeza mwendo, wala habakizi kitu cha kumwokoa siku ya hatari.

Hapa kwetu Kenya pia tunao mfano. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na wengi wetu twayajua majina ya Joginder Singh, aliyeshinda mara 3, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5. Hao walikuwa mafundi kweli kweli. Lakini siku zile mashindano yalipopita katika barabara zilizo wazi, timu zenye fedha zilirusha helikopta mbele ya gari, ili kumwonya dereva juu ya ng'ombe, lori au watu. Na mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, barabara za kushindania mbio zilifungwa, asipite mtu mwingine. Ikiwa bingwa wa dunia ahitaji kufungiwa njia, dereva wa matatu ya Thika Road ambaye hana helikopta wala hakufungiwa njia apata wapi ruhusa ya kufanya mbio zile zile?

Barabara ya umma ina watu wengine. Tangu mwaka 2021 hata 2024, kila mwaka zaidi ya watu 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kupita yote ni la waendao kwa miguu. Hao ni mama anayeuza mahindi kando ya lami, mtoto wa shule, na mfanya kazi anayetembea alfajiri kwenda kiwandani kwa kuwa hana nauli. Wengi wao ni watu wetu, na wengine ni wanachama wa vyama ndugu. Hakuna hata mmoja aliyekubali kushindana na dereva. Tena fundi aweza kutawala gari lake tu. Hawezi kutawala bodaboda itokayo kichochoroni, wala dereva wa mbele aliyesinzia, wala punda aliyekatika kamba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni la chama hasa. Nani afaidikaye na mbio hizi?

Kutoka Mombasa hata Nairobi ni kilomita kama 480. Kwa mwendo wa 80 usiokatika ni saa 6. Kwa mwendo wa 100 ni saa 4 na dakika 48. Basi aliyehatarisha roho yake amepata saa moja na dakika 12, tena ikiwa hakusimama popote, jambo ambalo haliwezekani. Saa hiyo ataitoa yote katika foleni ya mizani ya Mariakani au Mlolongo. Na kile kidogo kinachobaki si chake. Ni cha tajiri, ambaye hulipa kwa safari na si kwa saa, na ambaye humsifu dereva akisema, "Wewe ni fundi, utafika." Ndugu, sifa hiyo ni mshahara wa bure. Haimgharimu tajiri hata senti moja.

Lakini siku ya ajali sifa hugeuka. Sheria ya trafiki huweka mwisho wa kilomita 80 kwa magari ya abiria na malori mazito, na 50 katika miji. Tangu Februari 2004, kwa kanuni zilizoletwa na Waziri John Michuki, magari ya abiria yalitakiwa yawe na kidhibiti mwendo. Sheria iliyogeuzwa mwaka 2012 hukataza kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Na dereva anayeua mtu kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hata miaka 10. Anayesimama kizimbani ni dereva. Yule aliyempigia simu usiku mara tatu kumwuliza "Umefika wapi?" huwa nyumbani kwake, akitafuta dereva mwingine.

Twajua jibu la wengi: "Nikienda pole nitachelewa, na kazi atapewa mwingine." Jibu hili ni la kweli, wala hatulidharau. Mwenye watoto wanaongoja karo hawezi kuambiwa tu, "Punguza mwendo." Dereva mmoja akipunguza mwendo peke yake, atafukuzwa. Madereva wote wa kampuni wakikataa pamoja saa zisizowezekana, tajiri hawezi kuwafukuza wote. Ndiyo sababu ya kuwa na chama.

Basi chama kinataka mambo haya. Dereva alipwe mshahara wa mwezi pamoja na saa za ziada, wala asilipwe kwa kuhesabu safari. Saa za kila safari zipangwe pamoja na wajumbe wa wafanya kazi, zikihesabu mizani, mapumziko na mvua. Dereva anayekataa kupeleka gari lenye breki mbovu, au lililochezewa kidhibiti, asipoteze kazi. Na tajiri anayetoa saa zisizowezekana bila kuvunja sheria, asimame kizimbani pamoja na dereva wake.

Nanyi ndugu madereva, tangu leo andikeni katika daftari kila safari: saa mliyoamriwa kuondoka, saa mliyoamriwa kufika, na nani aliyetoa amri. Leteni madaftari hayo kwa mjumbe wa tawi lenu. Katika meza ya mapatano maneno matupu hukanushwa upesi, lakini daftari la madereva hamsini halikanushiki.

Hata siku hiyo itakapofika, mguu wenu ndio ulio juu ya mafuta. Fundi wa kweli ni yule anayeacha nafasi ya kutosha mbele yake, akafika salama, na kesho akaenda kazini tena.