Huyo Paka, Si Hiyo Paka

Huruma ni neno ambalo tumelichosha. Nilipomchukua mtoto wa paka asiyeweza kutembea mita mbili bila kuanguka, hapa Kianyaga watu waliniambia jambo moja kwa sauti tofauti: "Hiyo paka ua tu, utakuwa umeisaidia." Walisema kwa upole kabisa. Mmoja hata aliniletea gunia. Hakuna aliyeuliza kama paka mwenyewe anahisi maumivu.

Nataka tugombane kuhusu hilo, kwa sababu huruma hiyo si huruma. Ni usumbufu wetu tumeuvalisha nguo za Jumapili.

Tuanze na mwili wake. Daktari wa mifugo alikuja kumfanyia ng'ombe wa shosho A.I., ile ya mbegu, si ile ya simu yako. Akamwangalia paka kwa dakika chache, akanieleza. Sehemu ya nyuma ya ubongo, serebela, haikukua ipasavyo. Mara nyingi chanzo ni virusi vya panlukopenia vinavyompata mama akiwa na mimba. Serebela ndiyo inayosawazisha mwendo, kwa hiyo mtoto anazaliwa akiyumba. Kichwa kinatetemeka akikaribia sahani, miguu inanyanyuka juu kama ya askari wa gwaride. Hali hii yenyewe haimuumizi. Kuyumba hakuambukizi, wala hakuzidi kadiri anavyokua. Akitunzwa ndani ya nyumba, anaweza kuishi miaka sawa na paka mwingine yeyote.

Na matunzo yenyewe? Bakuli zito lisilopinduka. Beseni la zamani lililokatwa upande mmoja, likajazwa mchanga, ili aingie chooni bila kupanda. Omena za kuchemsha. Maziwa hapana, hata kama ng'ombe yuko hapo nje, kwa kuwa paka wengi huharisha wakinywa maziwa ya ng'ombe. Sakafu ya simiti inateleza, kwa hiyo inahitaji kitu ambacho makucha yatashika. Lile gunia nililoletewa ndilo nimelitandika. Bando zangu za mwezi zinakula pesa nyingi kuliko yeye.

Sasa kwa nini gunia lilikuja haraka hivyo? Kwa sababu huku kila kitu kina mizani. Majani chai yanapimwa kituoni, kahawa inapimwa kiwandani, maziwa yanapimwa kabla jua halijachomoza. Ng'ombe asiyetoa anauzwa. Sikejeli. Mwenye robo ekari hana nafasi ya mapambo, na mizani hiyo imesomesha wengi wanaonisoma hapa. Shida ni kwamba mizani ikishazoea kupima chai, inaanza kupima kila kinachopumua. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, siku hizi nalipwa kwa makala, nikilipwa. Paka anaulizwa, "Inashika panya?" Mimi naulizwa, "Na wewe sasa unafanya nini?" Ni swali moja. Tofauti ni kwamba mimi sijaletewa gunia.

Sikilizeni lugha pia. Kiswahili sanifu kinasema huyu paka, anaanguka, kama vile anavyotajwa mtu. Huku bara tunasema hiyo paka, inaanguka. Nami nikiwa stejini naongea hivyo hivyo, sikuja kusahihisha sarufi ya mtu. Lakini angalia ilivyo rahisi kutupa "hiyo" kuliko kumtupa "huyo." Na binadamu je? Kiwete, kipofu, kiziwi: ki- ile ile ya kiti na kisu. Ilibidi Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 iandike kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa njia isiyomdhalilisha. Mambo ambayo watu wanayafanya vizuri tayari hayahitaji kuandikwa kwenye katiba.

Sisemi paka ni sawa na mtu. Nasema tabia ni moja. Anayemtazama kiumbe mwenye mguu mbovu na kuona mzigo tu, jicho hilo halibadilishi akigeukia jirani yake. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hawakusema ni kwa wenye mashamba pekee.

Kuna wanaoniuliza, "Watu wana njaa, wewe unalisha paka?" Omena za paka mmoja hazijamnyima mtoto yeyote chakula. Na wanaouliza hivyo siwasikii wakiuliza bei ya raundi moja ya bia Jumamosi.

Kuna wengine: "Kwa hiyo anayeteseka kweli aachwe tu?" Hapana. Mnyama mwenye maumivu yasiyo na tiba anastahili sindano ya daktari, aende haraka na bila hofu. Hiyo ndiyo huruma, na inaanza na swali: ana maumivu? Gunia la mtoni haliulizi kitu. Tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyoko vitabuni tangu miaka ya 1960. Sijaona mtu akiikumbuka akiwa anafunga fundo la gunia.

Nanyi wasee wa Nairobi msitucheke watu wa mlimani. Mnashea video ya paka wa ng'ambo aliyefungiwa magurudumu ya nyuma, mnaweka emoji za machozi, halafu mnatafuta paka wa Kiajemi wa maelfu ya shilingi, awe na manyoya ya kupigia picha. Paka wa mtaa mwenye jicho moja amelala chini ya gari lenu. Hamtumii gunia, ni kweli. Mnatumia kutoona.

Ninachodai ni kidogo. Hasi dume lako, jike lifungwe kizazi, na wote wachanjwe, maana huyu wangu alianzia kwa mama ambaye hakuna aliyemjali. Ukiona mtoto wa paka anayumba, mtafute daktari kabla ya kutafuta gunia. Na kama una chumba, mchukue. Bedsita ya ghorofa ya nne inamfaa kuliko boma letu, haina mbwa wala bodaboda. Funga tu madirisha.

Hatashika panya. Hatakulipa. Hatakushukuru kwa namna utakayoitambua, ni paka. Atakula, atalala penye jua, ataanguka, atainuka. Kama hayo hayamtoshi kiumbe kupewa nafasi ya kuishi, basi tuseme wazi kwamba hatumtaki kwa sababu hana faida. Tuseme hivyo, kwa maneno hayo hayo, tukiwa tumeshika gunia. Ila tusiite huruma.