Kamera zigeukie Karura, si Mara pekee

Mtu akitajiwa picha za wanyamapori wa Kenya, mawazo humpeleka Maasai Mara moja kwa moja: nyumbu wakivuka mto, simba juu ya kichuguu, chui akiwa amelala kwenye tawi. Picha hizo zimeitangaza nchi kwa miongo mingi na zinastahili sifa. Hata hivyo, zimejenga pia imani kwamba anayetaka kupiga picha za viumbe lazima awe na gari la safari, lenzi ndefu na pesa za hoteli. Imani hiyo inawanyima wakazi wa Nairobi utajiri ulio karibu na nyumbani kwao. Inaunyima mji wenyewe mashahidi pia.

Msitu wa Karura una takriban hekta 1,041 na umezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Barabara ya Kiambu. Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Humo wanaishi kima, pongo, paa wadogo na perere. Kuanzia mwaka 2014 waliongezwa mbega, ambao waliletwa kutoka eneo la Kipipiri, ambako misitu yao ilikuwa imekatwa na wakabaki kugombana na wakulima. Si mbali na hapo kuna City Park na kima wake wengi. Upande wa pili wa mji kuna Arboretum ya Nairobi, yenye hekta 30 hivi. Ilianzishwa mwaka 1907 kwa majaribio ya miti ambayo ingekua upesi ili kulisha injini za garimoshi kwa kuni. Garimoshi la mvuke limepita, miti imebaki, na ndege wakahamia.

Anayedhani kwamba kupiga picha mahali kama hapa ni kazi nyepesi, na ajaribu kumpiga picha mbega. Mwili wake ni mweusi tii, na mabega na mkia vimepambwa kwa manyoya marefu meupe. Kamera ikipima mwanga wa weusi, weupe unaungua na kuwa doa tupu. Ikipima weupe, uso unapotea gizani. Mpigapicha analazimika kupunguza mwanga kidogo, kusubiri mnyama ageukie upande wenye nuru, na kulenga macho. Saa nazo hazimngoji. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua likichomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu hupanda wima na kwa haraka. Ikifika saa tatu vivuli vimekuwa vikali na mwanga laini wa alfajiri umekwisha. Anayejifunza kazi hii Karura atakuwa tayari kwa mbuga yoyote.

Wala si lazima kuanza na wanyama wakubwa. Simu ya kawaida haiwezi kumvuta tai aliye juu ya mti, lakini inamweza kipepeo aliyetua kwenye ua, buibui kwenye utando wenye umande, au uyoga kwenye gogo linalooza. Katika nyua na bustani za viunga vya Nairobi yupo kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Watu wa mataifa ya mbali hulipa kumwona kwenye vizimba vya kioo, ilhali hapa mtoto wa shule anaweza kumkuta kwenye ua wa jirani.

Upigaji picha za viumbe wenyewe ulipiga hatua zake za mwanzo viungani mwa mji. Mwaka 1892 ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai huko Enfield, pembeni mwa London. Miaka mitatu baadaye ikatoka kazi yao juu ya viota vya ndege wa Uingereza, iliyopambwa kwa picha zilizopigwa mahali viota vilipokuwa. Ili kuwakaribia ndege, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Cherry alifika Afrika Mashariki baadaye, na mwaka 1909 akampiga filamu Theodore Roosevelt akiwa safarini Kenya. Aliyekuja kurekodi wanyama wetu alikuwa amejifunzia kazi kwenye vichaka vya karibu na kwao.

Basi kwa nini picha hizi ziwe jambo la umma, wala si burudani ya mtu binafsi? Jibu limo katika historia ya Karura yenyewe. Katika miaka ya tisini sehemu kubwa ya msitu huo iligawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Wanahabari walikuwepo na kamera zao. Picha zilienea duniani, na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akalaani kitendo hicho. Agosti mwaka huohuo Rais Moi alitangaza marufuku ya kugawa ardhi ya umma.

Mvutano haukuisha. Mwaka 2024 ulizuka mpango wa kutwaa zaidi ya ekari 50 za Karura kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Kiambu, na shirika la Green Belt Movement likaenda mahakamani kuupinga. Kila mara msitu wa mji unapotakiwa, hoja ya anayeutaka huwa ileile: hapa ni vichaka tu, hakuna cha maana. Hoja hiyo hujibiwa kwa ushahidi. Picha yenye tarehe na mahali, inayomwonyesha pongo na mtoto wake au tai akiwa kwenye kiota, ni ushahidi ambao hata asiye mwanasayansi anauelewa.

Pa kuupeleka ushahidi huo papo. Shirika la Nature Kenya linatokana na chama kilichoanzishwa mwaka 1909, na matembezi yake ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yaliasisiwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya kilomita tisa hivi kwa tisa, na raia yeyote anaweza kuandikisha ndege aliowaona. Kwenye jukwaa la mtandaoni la iNaturalist mtu hupakia picha ya mmea, mdudu au mnyama, na wajuzi wakamsaidia kumtambua. Picha elfu moja zikikaa ndani ya simu hazimfai mtu yeyote. Zikiwekwa huko, zinakuwa kumbukumbu ya taifa.

Hata hivyo, malango yetu bado hayajawazoea wananchi wenye kamera. Kampuni inayopiga tangazo la biashara ilipe, hilo ni haki kabisa. Mwanafunzi aliyekopa kamera ya mjomba wake ili apige picha za ndege si kampuni. Wapigapicha wengi wasio wa biashara hulalamika kwamba langoni hupimwa ukubwa wa lenzi, si kazi anayokuja kufanya mtu. Wasimamizi wa bustani na misitu ya miji watenganishe wazi mambo haya mawili, waandike kanuni hiyo kwenye bango la lango, na wawafundishe askari wao kuifuata.

Wapigapicha nao wana wajibu. Kumtupia kima ndizi ili asogee ni kumzoesha kunyang'anya watu chakula, na mwisho wake kima huyo ataonekana adui. Kucheza sauti ya ndege kwenye simu mara kwa mara ili dume ajitokeze ni kumpotezea nguvu anazohitaji kulinda eneo lake na kulisha makinda. Kuvunja matawi ili kiota kionekane vizuri ni kumfungulia kunguru mlango. Kuna hatari nyingine isiyoonekana: simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Picha ya kiumbe adimu ikirushwa mitandaoni na taarifa hiyo, mwindaji amepewa ramani. iNaturalist huficha mahali penye viumbe walio hatarini. Kwingineko mpigapicha azime taarifa hiyo mwenyewe.

Shule za Nairobi zenye vilabu vya mazingira zinaweza kuanza muhula huu kwa simu mbili tatu za walimu na asubuhi moja ndani ya Arboretum au City Park. Wazazi wanaotafuta pa kuwapeleka watoto Jumamosi wawapeleke huko pia. Na wewe uliye na simu mfukoni, nenda kwenye msitu au bustani iliyo karibu nawe, piga unachokiona, andika tarehe na mahali, kisha ikabidhi picha hiyo kwa wanaoweka kumbukumbu.